Usiweke Fyuzi ya Tatu

Fyuzi ya kwanza ikiungua, badilisha. Vitu vidogo huchoka, na huenda ile ilikuwa humo tangu gari liliposhushwa melini. Ya pili ikiungua mahali palepale, simama. Zima gari, weka funguo mfukoni, vuta pumzi. Ya tatu usiiweke. Kuanzia hapo kazi yako ni kutafuta, na ninaandika makala haya kwa sababu nataka uwe mtafutaji hodari kuliko wote walioko kwenye mtaa wenu wa gereji.

Nasema na wewe spana boi unayetumwa dukani kununua fyuzi kila asubuhi. Nasema na wewe dada uliyesomea umeme wa magari VETA, ukahitimu, na mpaka leo unaambiwa umulike tochi wakati wengine wanashika mita. Nasema na wewe pia mwenye gari, uliyechoka kusikia "ina shoti hii, bosi, iache tuiangalie," kisha ukirudi jioni unakuta dashibodi imelala kwenye kiti cha abiria na jibu hakuna. Shoti inapatikana. Nimezitafuta miaka mingi hapa Morogoro, na sijakutana na hata moja isiyokuwa na mahali pake. Iko sehemu moja, kwenye waya mmoja, na mara nyingi kidonda chenyewe hakizidi punje ya mchele. Anayeipata ni yule anayekataa kufunga plastiki za gari kabla hajaiona kwa macho yake.

Acha nikueleze habari ya Noah moja.

Ililetwa asubuhi, suka wake macho mekundu, ametoka Iringa usiku kucha. Tukasalimiana, akasema, "Mzee, taa za nyuma zinanizimikia Mikumi." Kama hujawahi kupita pale usiku, jua kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Hakuna taa za barabarani. Kuna matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na kuna malori yanayokwenda Zambia na Kongo, yamebeba tani kwa tani, yanakufuata nyuma. Gari lisilo na taa za nyuma mahali hapo, likipunguza mwendo kwenye tuta, dereva wa lori haoni kitu mpaka amefika. Kijana huyu alikuwa amebeba familia ya watu, mtoto mchanga akiwemo. Kwa hiyo mtu akikwambia fyuzi ya taa ndogo ni jambo dogo, mwambie aende akaendeshe Mikumi saa nane za usiku.

Nikamwuliza swali ambalo nakuomba ulizoee kuliko bisibisi: inaungua lini?

"Haina saa, mzee. Inaungua tu."

Sikukubali. Nikamwuliza ikiwa inaungua gari limesimama. Hapana. Ukiwasha taa tu? Hapana, zinawaka vizuri. Ukikanyaga breki? Hapana. Ukikata kona? Akafikiri. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe, "Kwenye matuta. Ya mwisho ilikata kwenye tuta. Na ile ya kabla yake pia."

Jibu hilo lilikuwa na thamani ya nusu siku ya kazi. Waya uliochubuka na kulala juu ya bodi moja kwa moja ungeunguza fyuzi papo hapo, kila ukiwasha taa. Unaounguza kwenye tuta unaning'inia, unagusa na kuachia. Kumbe hata kabla sijafungua boneti, gari lilikuwa limeshaniambia nitafute waya unaocheza. Dereva ndiye aliyekaa na ugonjwa usiku na mchana. Mketishe, mpe heshima yake, mwulize mpaka akumbuke.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana ndicho kilichonifanya nikae chini niandike. Nilifungua kifuniko cha fyuzi kilicho chini ya usukani. Kwa ndani kimeandikwa kila fyuzi na kazi yake, na penye TAIL pameandikwa 10. Fyuzi za bapa zina rangi zake: ampea 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano, 30 ni kijani. Suka alinionyesha zilizoungua, alizihifadhi kwenye kisahani cha majivu ya sigara: nyekundu mbili, bluu moja, njano moja. Umeiona ngazi aliyopanda? Baada ya nyekundu ya pili, kila ilipoungua aliweka kubwa zaidi. Na pale penye TAIL hapakuwa na fyuzi tena. Palikuwa na karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, imekunjwa na kushindiliwa. Juu yake harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado mbichi.

Simlaumu. Alikuwa gizani na watu wamemwamini. Lakini wewe fundi uliyemfundisha mbinu hiyo, au uliyenyamaza ulipomwona nayo, nakusihi uache leo. Fyuzi imewekwa kuulinda waya. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, umepimiwa ampea chache. Betri ni volti 12. Waya huo ukigusa bodi, kizuizi kilichobaki njiani kinaweza kuwa sehemu moja ya kumi ya ohmu tu, na 12 ukiigawanya kwa moja ya kumi unapata ampea 120. Fyuzi nyekundu inakatika kabla hujapepesa jicho, na waya unabaki salama. Ukiweka karatasi ya sigara, kinachobaki cha kuungua ni waya wenyewe, na ndani ya plastiki umefungwa pamoja na wenzake kumi na tano. Magari yameteketea kwa sababu ya kipande cha karatasi kisichojaa kiganjani.

Hesabu hiyo niliyoipiga ina mwenyewe. Aliitwa Georg Ohm, alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi makufuli. Fundi kama mimi na wewe, mikono yenye vyuma, na ndiye aliyewafundisha wanawe hesabu nyumbani. Ohm alipopima umeme alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Köln, akitumia vyombo alivyoviunda mwenyewe, kwa kuwa ufundi wa vyuma aliukuta nyumbani kwao. Alitoa kitabu chake mwaka 1827, na wasomi wengi wa nchini mwake wakakipokea kwa baridi. Heshima ilikuja baadaye, mwaka 1841, kutoka Jumuiya ya Kifalme ya London, waliompa nishani ya Copley. Leo jina lake liko kwenye kila mita unayoinunua Kariakoo. Alichofanya ni kupima badala ya kukisia, tena na tena, mpaka namba zikakubaliana. Usiruhusu mtu akwambie umeme ni wa waliofika chuo kikuu.

Turudi kwenye Noah. Nataka kukuonyesha kifaa kimoja ambacho kimenilisha kuliko mita yangu, na hakipatikani dukani kwa sababu unakitengeneza mwenyewe.

Chukua fyuzi iliyoungua. Pasua plastiki yake kwa uangalifu, zibaki zile bati mbili zikiwa zimeshikana na kichwa chake. Kwenye kila bati chomelea waya kwa risasi, urefu wa mikono miwili ya mtu. Upande wa pili wa waya hizo funga kishikio cha balbu ya indiketa, ile ya wati 21. Basi. Sasa pale inapokaa fyuzi unachomeka kifaa chako, na umeme wote wa njia ile unalazimika kupita kwenye balbu. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75. Hata shoti iwe kubwa namna gani, waya haupitishi zaidi ya hapo, haupati moto, wala huunguzi fyuzi nyingine. Na balbu inakuwa jicho lako. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo muda huu. Ikizimika, shoti imeachia.

Ila kwanza toa balbu zote zinazolishwa na njia hiyo: za nyuma, za mbele ndogo, za namba. Usipozitoa, nazo zitavuta umeme, balbu yako itawaka nusu nusu na kukuchanganya. Ukishazitoa, kinachobaki ni vitaa vidogo vya dashibodi, ambavyo huwasha balbu yako kwa mbali tu kama kaa linalofifia. Mwanga mkali ukitokea, utaujua. Na wakati unatoa balbu, zitazame. Mara nyingi kazi inaishia hapohapo: balbu ya ncha mbili imepachikwa kinyume, au kishikio kimeyeyuka, au maji ya mvua yamekaa ndani ya taa na kuota kutu ya kijani. Usione haya kumaliza kazi kwa dakika kumi.

Yetu haikuishia hapo. Tulikuwa na binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, wiki ya tatu hiyo, mkimya. Nikampa kifaa. Nikamwambia, "Mwanangu, leo wewe ndiye fundi. Mimi nitashika tochi."

Akachomeka. Balbu ikabaki na ule mwanga wa kaa. Gari limetulia, shoti haigusi. Kabla hajavunjika moyo nikamwuliza: njia hii, kutoka hapa chini ya usukani mpaka nyuma, ina sehemu ngapi ambazo waya unaweza kuchubuka? Akahesabu kwa vidole. Soketi ya miguuni, kizingiti cha mlango, chini ya kapeti, reli za viti, nguzo ya nyuma, mpira wa mlango wa nyuma, taa ya kushoto, ya kulia... Akafika 16.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo nataka moyo wako uwe mgumu. Kumi na sita zinatisha ukizitazama zote pamoja. Lakini tafuta soketi iliyo katikati, ichomoe. Mwanga mkali ukiwa bado unatokea, shoti iko kati ya fyuzi na soketi hiyo. Ukikoma, iko nyuma yake. Kwa swali moja zimebaki nane. Swali la pili, nne. La tatu, mbili. La nne, umeishika. Maswali manne! Nimeona mafundi wakibomoa gari zima siku tatu kwa kukosa maswali manne. Wanaanza na wanapopajua, au panapofunguka kwa urahisi, au alipopataja mwenye gari. Anza katikati. Ukibanwa na kazi yoyote ya waya, jiulize katikati yake ni wapi.

Kwetu kulikuwa na kazi ya ziada, kwa maana shoti ya kuning'inia lazima uiamshe ndipo ujibiwe. Nikamwambia binti akae akiitazama balbu, asiiondolee macho hata akiitwa. Mimi na suka tukaanza kulitikisa gari. Tukasukuma mbele, tukakandamiza pembeni. Balbu kimya. Nikasogeza viti mbele na nyuma kwenye reli zake. Kimya. Nikatikisa fungu la waya chini ya kapeti, taratibu, shubiri kwa shubiri. Kimya. Suka akaanza kutazama saa. Nakwambia ukweli, dakika kama ya arobaini ndiyo inayopambanua mafundi. Jasho linaingia machoni, mwenye gari ameshika kiuno, na kuna sauti ndani yako inasema weka fyuzi, mruhusu aende, labda haitaungua. Usiisikilize sauti hiyo. Imeshawahi kunishinda mimi, miaka ya mwanzo, na gari lile likarudi likiwa limevutwa kwa kamba. Uso wa mwenye gari yule bado ninauona.

Suka akasema anataka kutoa koti lake nyuma. Akaunyanyua mlango wa nyuma.

"Imewaka!" binti akapaza sauti.

Sote tukaganda. "Ushushe polepole," akamwambia suka, na mimi sikuongeza neno. Mlango ukashuka. Balbu ikafifia. "Unyanyue." Ikawaka, nyeupe kabisa, ikamulika uso wake. Akaruka akaja nyuma mwenyewe, hakunisubiri. Pale juu ya bawaba, waya zinaingia mlangoni zikiwa ndani ya bomba la mpira laini lenye mikunjo. Akauchomoa ule mpira na kuurudisha nyuma kwa kucha. Ndani yake mlikuwa na waya sita. Tatu zilikuwa zimepasuka maganda mahali pamoja, kwenye kona inayokunjwa kila mlango ukifunguliwa. Mmoja, unaopeleka umeme kwenye taa za namba, shaba yake ilikuwa imechungulia kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo, na kwenye bati mkabala nayo palikuwa na alama nyeusi, kijidoa kama cha kalamu. Kila tuta la Mikumi lilipourusha mlango ule kidogo tu, shaba ilibusu bati.

Nilimwangalia binti yule. Wiki tatu alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Sasa alikuwa amemwita suka amwonyeshe, anamweleza kwa mkono, "Kaka, tazama hapa, na hapa, na hii alama." Hakuna cheti kinachompa mtu sauti ile. Na kama wewe umejifunza kazi hii chini ya mti bila cheti, jua kwamba VETA wana utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyepata ujuzi nje ya darasa. Uende. Lakini nenda ukiwa na shoti kadhaa ulizoziona kwa macho.

Kuhusu kutengeneza, tafadhali usizungushe tepu na kufunga. Tepu kwenye bawaba itaachia msimu mmoja wa joto. Kata sehemu yote iliyochoka, weka waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, unene uleule, na uuongeze urefu kidogo usivutike mlango ukiwa juu. Maungio yako yakae nje ya mkunjo, moja ndani ya bodi na jingine ndani ya mlango, kwa maana risasi huufanya waya mgumu na mgumu hukatika ukikunjwa. Vika kila ungio mpira wa kujibana kwa moto. Na usitengeneze mmoja ukaacha mbili zenye nyufa. Tengeneza zote tatu, hata kama mwenye gari amelipia mmoja.

Kazi ya bawaba ilituchukua saa moja. Karatasi ya sigara ilituchukua siku nzima ya pili. Chini ya usukani ule waya ulikuwa umeyeyuka na kugandana na wenzake kwa urefu wa mkono, na ilibidi kuufumua mmoja mmoja na kubadilisha nne. Suka alipoteza safari mbili. Nilimwonyesha kipande tulichokikata, akakishika muda mrefu bila kusema.

Magari mengine yatakupeleka kwingine. Likiunguza fyuzi siku za mvua tu, anzia kwenye taa na sakafuni. Likiunguza fyuzi baada ya kufungwa redio, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari au taa za urembo, anzia palipoguswa mwisho. Likiunguza fyuzi injini ikishapata moto, fuata waya zinazopita karibu na ekzosi. Likiwa lilikaa muda bila kutembea, tafuta meno ya panya. Na kuna aina mbili za waya ambazo kifaa chetu hakizigusi kamwe: soketi na waya zenye ganda la njano, ambazo ni za eabegi, na nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, zenye umeme wa kuua mtu. Hizo zina mafunzo yake.

Jioni ya siku ya pili tulichomeka fyuzi moja, nyekundu, ampea 10, kama kifuniko kilivyoandikwa. Suka akawasha taa. Binti akaenda nyuma akaanza kuufungua na kuufunga mlango, akihesabu kwa sauti. Alipofika 20 suka akaanza kuhesabu naye. Walifika 50, taa zikiwa zinawaka, watoto wa jirani wamesimama wanashangaa.

Kabla hajaondoka, suka alitaka kuzitupa zile fyuzi zilizoungua. Binti akamwomba moja nyekundu. Gari lilipokunja kona kuelekea Msamvu yeye alikuwa ameshaketi kwenye benchi, pasi ya risasi imepata moto, anapasua plastiki ya ile fyuzi kwa ncha ya kisu.